Picha ya ukutani kwa mitumba, gunia la kahawa na nyuzi za mgomba

Mwongozo huu ni wa kutengeneza picha ya kushona kwa mkono, ya kutundika ukutani, yenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 90. Malighafi yote inapatikana Moshi bila kuagiza kitu: shuka na jinzi za mitumba, mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi, gunia la kahawa, kamba ya katani, na mgomba uliokwisha kukatwa mkungu.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo, maana kazi nyingi nzuri zimeharibika kwa kulipuuza. Kila malighafi ina tabia yake. Gunia hunywea likiloweshwa. Jinzi haiendi popote. Nyuzi za mgomba hukakamaa kiangazi na kulegea masika, na kitenge chembamba hufuata kila kinakovutwa. Ukizichagua kwa macho tu na kuzishona siku hiyo hiyo, baada ya miezi michache picha itapinda kona, itatoa matumbo katikati, na hakuna pasi itakayoirudisha. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za kuandaa vitu ili vielewane kabla havijakutana.

Kwanza amua unachotaka kuonyesha

Usianze kwa kukusanya. Ukianza kwa kukusanya utajaza chumba, na kila kipande kitakudai nafasi kwenye picha. Kaa na karatasi na penseli, chora maumbo makubwa matatu au manne tu.

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, umeshachorwa sana kwa ajili ya watalii, na wanaouchora vizuri wapo. Nakushauri uanze na kitu unachokijua kwa karibu. Katika mwongozo huu nitatumia mfano wa mfereji unaopita kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la familia ya Kichagga: maji yanashuka katikati ya picha, migomba pande zote mbili, udongo chini. Mifereji ya Wachagga ina mpangilio wake, inapinda kufuata mwinuko wa ardhi, kwa hiyo picha yenyewe inakupa mstari wa kufuata. Maji yatakuwa jinzi zilizopauka, udongo utakuwa gunia, na migomba itakuwa mgomba wenyewe.

Sokoni na kwa mafundi

Kwa mitumba nenda soko la Memorial au la Kiboriloni. Belo likifunguliwa asubuhi, wanaotafuta nguo za kuvaa hugombania. Wewe nenda jioni, kwa sababu unachotaka ni zile zilizobaki: shuka lililochanika upande, jinzi iliyopauka magotini, sweta lenye tundu. Chukua shuka moja zito la pamba kwa ajili ya msingi na jingine la kutia rangi, na jinzi tatu za bluu zisizofanana.

Hakikisha shuka ni pamba. Lebo nyingi zimekatwa, kwa hiyo chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, zishike kwa kibano, uziwashe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini yanayopeperuka. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki tone gumu kama shanga. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Jaribio hili linachukua dakika moja na litakuokoa baadaye kwenye rangi, maana poliesta haishiki rangi ya mimea hata uichemshe kutwa.

Sweta la sufu halisi, ukilipata, ni hazina. Lifue kwa maji ya moto sana na sabuni, ulisugue kwa nguvu, kisha ulitumbukize kwenye maji baridi. Litasinyaa na kuwa zito kiasi kwamba unaweza kulikata umbo lolote bila ukingo kufumuka. Majani mapana ya kwenye picha nayakata humo.

Vipande vya vitenge usinunue. Ingia kwa fundi yeyote, msalimie, umwambie unachotafuta.

“Shikamoo mama. Hayo mabaki ya chini unayachoma?”

“Marahaba. Chukua tu mwanangu, yananijazia kibanda.”

Siku nyingine mpelekee uzi au chochote, kwa sababu utarudi tena. Vitenge vingi vya sasa ni poliesta, na si kosa: vitumie kama vilivyo, kwa mng'ao wake, mahali padogo. Ukipata khanga kuukuu ya pamba, hiyo ni laini na inashonika vizuri kuliko kitu chochote. Ila ukiikata, acha jina lake zima. Jina lililokatwa katikati linaonekana kama uzembe, hata kama ulikusudia.

Gunia la kahawa, lile la kilo 60, tafuta lililotumika. Lichunguze na ulinuse: lenye ukungu au harufu ya mafuta ya taa liache.

Kufua kila kitu

Hapa wengi huruka. Fua vitambaa vyote, pamoja na gunia, kwa maji ya moto, sabuni ya kipande na kijiko kikubwa cha magadi kwa kila ndoo. Chemsha pamba nusu saa. Maji yatageuka ya njano au kijivu: hiyo ni nta, jasho na dawa za kiwandani zinazozuia rangi isiingie. Anika, piga pasi. Kinachotaka kusinyaa kisinyae sasa.

Kutoa nyuzi za mgomba

Mgomba unazaa mara moja. Mkungu ukishakatwa, shina linabaki, na mkulima hulikatia ng'ombe au kulilaza shambani lirutubishe udongo. Kwa hiyo omba, usidhani ni taka, na chukua shina moja tu. Ukitoka shamba moja kwenda jingine, pitisha panga kwenye moto kwanza. Mnyauko wa migomba huhama kwa panga chafu, na hakuna picha inayostahili kuua kihamba cha mtu.

Kata kipande cha shina chenye urefu wa sentimita 80 hivi. Bandua maganda moja moja kutoka nje kwenda ndani. Utaona tofauti kwa vidole: ya nje ni magumu, yana rangi ya kahawia, yanafaa kusokotwa kamba, ya katikati ni meupe na yanateleza, na ndiyo yanayotoa nyuzi ndefu za kung'aa, ya ndani kabisa ni maji matupu, wape ng'ombe.

Chukua ganda la katikati, lichane vipande vyenye upana wa vidole vitatu. Laza kipande kwenye ubao, upande wa ndani ukitazama juu. Kishikilie mwisho mmoja, kisha kwa kisu butu, kikiwa kimeinama kidogo, kwangua kuelekea upande mmoja tu. Mara ya kwanza yatatoka maji na utelezi mzito. Mara ya pili na ya tatu nyama ya ganda itaanza kung'oka kama ute wa bamia, na chini yake mistari myeupe itajitokeza. Endelea taratibu, kisu kisiwe kikali, kwa sababu kisu kikali hukata nyuzi badala ya kuzisafisha. Ukimaliza nusu, geuza, shika upande uliosafishwa, kwangua nusu iliyobaki. Suuza, kamua, anika kivulini. Juani zinakauka haraka lakini zinakuwa za kukatika.

Zikishakauka zichane kwa kitana cha meno mapana. Zitafanana na nyuzi za katani ila laini zaidi, zenye mng'ao wa hariri ukizigeuza kwenye mwanga.

Usitupe utomvu. Kila mtoto aliyekulia Kilimanjaro amegombezwa kwa nguo yenye doa la mgomba, na kila mama anajua kuwa doa hilo halitoki. Basi hiyo ndiyo wino bora kuliko wote tulionao. Unapokata shina, kinga matone kwenye kikombe cha plastiki. Mwanzoni yanakuwa karibu na maji, hayana rangi. Chora nayo papo hapo kwenye shuka lililofuliwa, kwa kijiti kilichochongwa ncha au kwa manyoya ya kuku. Usikate tamaa usipoona kitu, kwa sababu mstari hukolea kadiri hewa inavyoupiga, na baada ya siku chache unakuwa wa kahawia kabisa. Mishipa ya majani, mawe ya mferejini, kivuli cha chini ya migomba, vyote navichora hivyo. Vaa nguo ya kazi.

Rangi

Tafuta sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni tena, na uifanyie kazi nje.

Pamba inahitaji kuandaliwa ili ishike rangi. Pima uzito wa kitambaa kikiwa kikavu. Muuza duka yeyote mwenye mizani atakusaidia. Kwanza loweka usiku kucha kwenye chai nzito ya majani, isiyo na maziwa wala sukari. Chai ina tanini, kile kinacholeta ukakasi mdomoni, na tanini ndiyo inayoisaidia pamba kushika shabu, ile chumvi nyeupe ya mawe inayofunga rangi kwenye kitambaa. Kesho yake yeyusha shabu kwenye maji ya moto, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa, tumbukiza kitambaa kilicholowa, acha kwenye moto mdogo saa moja, kisha kipoe humo humo.

Baada ya hapo chagua rangi. Maganda ya vitunguu ndiyo ninayoyapendekeza kwa anayeanza. Wauza vitunguu wa soko la Mbuyuni huyafagia na kuyatupa, kwa hiyo unachohitaji ni mfuko. Tumia uzito sawa na wa kitambaa. Yanaonekana mengi mno kwa sababu ni mepesi, lakini ndiyo kipimo. Chemsha saa moja, chuja, weka kitambaa, moto mdogo saa moja nyingine, kiache mpaka asubuhi. Utapata dhahabu iliyokolea. Kokwa za parachichi, zikikatwakatwa na kuchemshwa taratibu bila kutokota, hutoa rangi ya waridi iliyofifia inayoelekea kutu. Makokwa matano makubwa yanatosha gramu 100. Masalia ya kahawa hutoa kahawia ya upole.

Binzari manjano inavutia kwa haraka yake, na choya pia. Sizitumii kwenye kazi ya ukutani. Binzari hupauka juani upesi, na choya inayoanza nyekundu huishia kijivu. Mtu aliyenunua picha ya njano hapaswi kubaki na picha nyeupe.

Rangi nyeusi ina siri yake. Weka misumari yenye kutu kwenye chupa, mimina siki sehemu moja na maji sehemu mbili, funika kwa kitambaa bila kukaza, kwa sababu inatoa hewa. Baada ya wiki moja au mbili maji yatakuwa ya rangi ya kutu. Paka kidogo kwa brashi juu ya kitambaa kilicholowekwa chai, na utaona weusi ukitokea mbele ya macho yako. Chuma kimekutana na tanini. Mafundi wa bogolanfini, kitambaa cha tope cha Mali, hufanya jambo hilo hilo kwa majani na tope lenye chuma. Ukipitisha maji hayo juu ya mstari wa utomvu wa mgomba, nao huelekea weusi. Ukiyapitisha juu ya dhahabu ya vitunguu, unapata kijani cha zeituni. Tumia kwa uchache. Chuma kikizidi hula pamba polepole, na kitambaa huanza kupasuka baada ya muda. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, kisha maji safi mara mbili.

Anika vyote kivulini.

Kupanga kabla ya kushona

Kata shuka la msingi sentimita 70 kwa 100, ili ubaki na sentimita tano za kukunja kila upande. Lilaze sakafuni. Juu yake panga vipande kuanzia vya nyuma: anga au kijani cha mbali, kisha udongo wa gunia chini, kisha maji.

Kwa maji, chana jinzi kwa mkono badala ya kuikata. Kata sentimita mbili kwa mkasi kisha ivute: itachanika ikifuata uzi wake na kuacha ukingo wenye nyuzi nyeupe, na ukingo huo ndio povu la mfereji. Weka bluu iliyokolea pembezoni, iliyopauka katikati ambako maji yanakimbia. Pindisha vipande kidogo kidogo, mfereji haunyooki kama rula.

Bana kwa pini. Sasa inuka, nenda mlangoni, tazama kutoka mbali. Piga picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe: kama maji na ardhi vimekuwa rangi moja, tofauti ya giza na mwanga haitoshi, ongeza weusi upande mmoja. Kisha fanya jaribio ambalo halina mbadala. Itundike kazi hiyo na pini zake ukutani usiku mzima. Asubuhi utaona ni wapi inalegea na ni kipande gani kinavuta wenzake. Kipunguze sasa.

Masale, mmea wa uzio wa Wachagga, siyatumii kama pambo. Kwa Mchagga yana kazi ya heshima, kuomba msamaha na kuweka mpaka, na nayaacha uzioni. Vilevile acha miiba ya nungunungu, manyoya ya ndege wa porini na mifupa: kuwa na viungo vya wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Magome ya miti usiyabandue kwenye mti ulio hai. Msitu wa juu uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Kushona

Anza na bandi ndefu za muda, kutoka katikati kwenda nje, ili mikunjo itoroke pembeni. Halafu shona mishono ya kudumu. Uzi wa jinzi, ukiupitisha kwenye nta ya nyuki, hauvurugiki na haukatwi na gunia. Kwa gunia lenyewe tumia shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Wanawake wa Bengali hushona tabaka za sari kuukuu kwa mshono mmoja rahisi wa kupanda na kushuka, mpaka mistari ya uzi yenyewe inakuwa mawimbi. Jifunze kwao kwenye maji: mistari iliyo karibu karibu, inayofuata mkondo, inatosha kuonyesha mwendo.

Nyuzi za mgomba hazishonwi kama uzi, zinakatika zikipita kitambaani mara nyingi. Zilaze juu ya kitambaa kwa umbo unalotaka, fungu la unene wa njiti ya kiberiti, kisha zifunge kwa mishono midogo inayovuka juu yake kila baada ya sentimita moja. Usikaze. Fungu liweze kusogea kidogo chini ya mshono, kwa sababu masika litavimba. Kwa shina la mgomba, laza mafungu kumi na zaidi ubavu kwa ubavu, mengine uliyoyatia rangi ya vitunguu, mengine meupe. Majani ya sweta la sufu yashone kwenye uti wa katikati tu, kingo zibaki huru, zitoe kivuli chao.

Katani inafaa mizizi na kingo za mfereji. Fumua kamba kuukuu, iloweshe, ipinde ikiwa mbichi. Msanii wa Poland Magdalena Abakanowicz, miaka ya 1960, alikusanya kamba kuukuu za katani bandarini, akazifumua, akazitia rangi na kufuma kazi kubwa kuliko mtu, zinazoning'inia kutoka darini. Ni miaka hiyo hiyo ambapo nchi yetu ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa katani duniani. Mimi nafurahi kila ninapoishika kamba hiyo nikijua inaweza kufika huko.

Vitu vizito vije mwisho, na viwe chini ya picha. Vizibo vya soda vipondwe bapa kwa nyundo, vitobolewe kwa msumari, kingo zisuguliwe kwa msasa, na vifungwe kwa waya mwembamba wa shaba, maana bati hukata uzi. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi zake Nsukka, Nigeria, huunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba hadi vinakunjika kama nguo kubwa, na mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu wa maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake. Siri ni waya kutokazwa. Mbegu zichemshwe na kukaushwa kabisa kabla ya kutobolewa, vinginevyo wadudu watatokea ndani ya picha.

Kufunga na kutundika

Kunja sentimita tano za pembeni kwenda nyuma, zishone kwa mkono bila uzi kutokea mbele. Funika mgongo kwa shuka jingine la pamba, na juu yake shona upindo wa kupitishia fito, wenye upana wa sentimita sita. Fito ya mkahawa uliopogolewa ni ngumu na haipindi. Ibandue magome, ikague kama ina matundu ya bungua, ikauke vizuri. Chini shona fito nyembamba ya pili ili picha ininginie sawa.

Usiitundike ikigusa ukuta. Bandika kwa gundi vipande vidogo vya mbao nyuma ya kona za chini, hewa ipite, hasa miezi ya Machi hadi Mei ambapo kuta zetu hutoa unyevu. Iwe mbali na dirisha la jua la moja kwa moja na mbali na moshi wa jiko. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini.

Kama unaiuza kwa mgeni, andika nyuma, kwenye kipande cha pamba kilichoshonwa, jina lako, mwaka, na kila kilichotumika. Nchi nyingi huzuia mbegu na mimea mibichi mipakani, kwa hiyo kazi ya msafiri ibaki vitambaa, katani na nyuzi zilizosafishwa. Mfundishe aivingirishe na upande wa picha ukiwa nje, kwenye bomba la karatasi nene. Ikivingirishwa na picha ndani, nyuzi za mgomba zitabanwa na kuvunjika kabla hajashuka kwenye ndege.